"Na": Jinsi ya Kuikagua Katika Hati, Barua na Maelezo

"Mtumbwi na mashine na nyavu mbili umeuzwa na mzee huyu kwa shilingi milioni nne." Sentensi hiyo niliichapa mwenyewe, katika stationari ninayofanyia kazi hapa Kigoma, na wote wawili, muuzaji na mnunuzi, waliisikiliza nikiisoma, wakatia saini na kuondoka wakiwa wameridhika. Baada ya wiki moja walirudi, kila mmoja na nakala yake mkononi. Muuzaji aliweka kidole juu ya neno "umeuzwa", akasema kwamba neno hilo linahusu kitu kimoja, nacho ni mtumbwi, na kwamba mashine na nyavu zilitajwa tu kama vitu vilivyokuwa ndani yake. Mnunuzi aliweka kidole juu ya ile "na" ya kwanza, kisha ya pili, akasema kwamba kilichounganishwa kwa "na" kimeuzwa chote. Niliitazama karatasi nikaona kwamba kila mmoja alikuwa na haki mahali alipoweka kidole chake, na kwamba kosa lilikuwa langu. Wazee wa mwaloni, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, ndio waliowapatanisha, si hati yangu.

Tangu siku hiyo sitoi karatasi mkononi mwangu kabla ya kuzikagua "na" zake. Neno hili ni fupi kuliko karibu maneno yote tunayoyatumia, lakini hufanya kazi nyingi mno: huunganisha, huandamanisha, humtaja mtenda, huonyesha umiliki, huhesabu, na huingia hata ndani ya kitenzi kuonyesha wakati. Ugomvi huzaliwa pale ambapo mwandishi amekusudia kazi moja naye msomaji akasoma nyingine. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mimi, nami nimezipanga kwa utaratibu ambao mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuufuata.

Hatua ya kwanza: zungushia kila "na", kisha amua kama inasimama peke yake au inashikamana

Chukua rasimu yako na uizungushie penseli kila "na" unayoiona, ikiwemo ile iliyojificha ndani ya neno. Usiruke hata moja kwa kuidhania kuwa ni nyepesi. Kisha anza na swali la maandishi tu, kabla hujafika kwenye maana: je, hii iandikwe peke yake au ishikamane na jirani yake?

Kosa ninaloliona karibu kila wiki katika barua za kuomba kazi ni "mimi na omba kazi ya ulinzi" na "mdogo wangu ana soma kidato cha pili". Jaribio lake ni rahisi. Ondoa "na" na uweke "li" ya wakati uliopita. Ukipata neno linalosimama vizuri, yaani "niliomba" au "alisoma", basi "na" hiyo ni kiambishi cha wakati uliopo na haina ruhusa ya kusimama peke yake. Andika "naomba" au "ninaomba", na uandike "anasoma". Lakini ukiijaribu "dagaa na mchele" kwa namna hiyo hupati kitu chochote, kwa hiyo "na" hiyo ni neno kamili na lazima iachiwe nafasi pande zote mbili.

Katika umiliki mambo hubadilika kufuata wakati. Kwa wakati uliopo tunashikamanisha: nina, una, ana, tuna, mna, wana, na kwa kukanusha sina, huna, hana. Mara tu tunapoingia katika wakati uliopita au ujao, kitenzi "kuwa" hujitokeza na "na" hujitenga nacho: nilikuwa na, nitakuwa na, wangekuwa na. Kwa hiyo "nilikuwana uzoefu" ni kosa, kama ilivyo kosa "ni na uzoefu". Kanuni ni hiyohiyo kwa mahali: tunaandika "kuna" kwa neno moja, lakini "kulikuwa na" kwa maneno mawili. Neno "mna" linahitaji jicho la ziada, kwa sababu lina maana mbili. Anayesimama mbele ya wachuuzi sokoni Mwanga na kuuliza "Mna dagaa?" anawauliza kama wao wanao dagaa, lakini anayeinua kifuniko cha kapu na kusema "Mna dagaa" anatoa habari za ndani ya kapu. Katika mazungumzo sura na mkono huondoa shaka. Katika maandishi, andika "ndani ya kapu mna dagaa" na jambo limekwisha.

Mwishowe kuna "na" inayomeza kiwakilishi: nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao, na upande wa vitu nacho, navyo, nayo, nazo, nalo, nako na ndugu zao. Hizi huandikwa kwa neno moja, na kwa mwandishi wa hati ni hazina kubwa, kwa sababu zinabeba ngeli, yaani kundi la jina, ya kitu kinachotajwa. Tazama sentensi hizi tatu. "Alinunua mtumbwi na mashine, akaondoka nao" inasema kwamba aliondoka na mtumbwi. "Alinunua mtumbwi na mashine, akaondoka nayo" inasema kwamba mtumbwi ulibaki majini na mashine ndiyo iliyoondoka. "Alinunua mtumbwi na mashine, akaondoka navyo" inasema kwamba vyote viwili viliondoka. Irabu na konsonanti chache mwishoni mwa neno zimetofautisha habari tatu, na hakuna aliyehitaji kuongeza sentensi ya maelezo. Laiti ningeandika "ameondoka navyo" katika hati ile ya kwanza, kusingekuwa na ugomvi.

Hatua ya pili: iulize "na" inafanya kazi gani

Sasa rudi kwenye zile zinazosimama peke yake, uzichukue moja baada ya nyingine. Jaribio la kwanza ni kubadilisha pande. "Dagaa na migebuka", samaki wa ziwa letu, ni sawa na "migebuka na dagaa". Maana haikutikisika, kwa hiyo "na" hapa ni kiunganishi, nayo inaunganisha vitu vyenye hadhi sawa. Inaweza kuunganisha majina, sifa kama "mrefu na mwembamba", vitenzi kama "walikula na kunywa", hata sentensi nzima. Angalia kwamba katika "walikula na kunywa" kitenzi cha pili kimerudi kwenye umbo lake la "ku", kwa sababu mtenda na wakati vimeshatajwa. Umbo hilo ni zuri na fupi, lakini halifai kama mtenda wa pili ni mtu mwingine.

Jaribio la pili ni la kauli ya kutendana, yaani vitenzi vinavyoishia na "ana": kutana, gombana, patana, achana. Tunaweza kusema "Stanley na Livingstone walikutana Ujiji mwaka 1871", na tunaweza kusema "Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871". Tukio ni moja, lakini sentensi ya kwanza inawaweka wote wawili katika mizani moja, na ya pili inamfanya Stanley kuwa mwenye safari, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoka pwani kumtafuta mwenzake. Ukigeuza na kuandika "Livingstone alikutana na Stanley", hujasema uongo, lakini umemhamisha msomaji na kumweka upande wa mwenyeji. Katika maelezo ya ugomvi tofauti hii ina uzito wake: "Juma aligombana na Hamisi" huacha harufu ya kwamba Juma ndiye aliyeanza, wakati "Juma na Hamisi waligombana" haimwelemei yeyote. Kama hujui nani alianza, chagua umbo la pili.

Jaribio la tatu ni la kauli ya kutendwa. Kila unapokuta kitenzi kama "imejengwa", "umeuzwa" au "alipigwa" kikifuatwa na "na", msomaji atatarajia mtenda, na atamchukua yeyote au chochote kitakachofuata kuwa ndiye mtenda. Historia ya meli yetu ya Liemba inatufundisha vizuri: iliundwa Ujerumani katika mji wa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927. "Ilizamishwa na Wajerumani" inamtaja mtenda. "Ilizama na mashine zake" haimtaji mtenda, kwa sababu "ilizama" si kauli ya kutendwa. Hapa "na" inasema tu kwamba mashine zilikwenda chini pamoja na meli. Tofauti yote imo katika silabi za kitenzi, nami nakusihi uzisome polepole.

Katika kauli hiyohiyo ya kutendwa, "na" ni ya mtenda na "kwa" ni ya chombo. "Alipigwa kwa kasia" maana yake kuna mtu aliyeshika kasia na kumpiga. "Alipigwa na kasia" maana yake kasia lenyewe lilimpiga, labda wimbi lilipolirusha. Fikiria maelezo haya yakiwa mezani kwa polisi, na uone jinsi herufi chache zinavyoweza kumweka mtu mahabusu au kumwacha aende nyumbani. Hali za mwili na za hewa huhesabiwa kuwa watenda, ndiyo maana tunasema ameshikwa na homa, amepatwa na msiba, wamepigwa na dhoruba. Usiandike "ameshikwa kwa homa".

Mtego mbaya kuliko yote katika hatua hii hutokea "na" ya mtenda inapofuatwa na "na" ya kuunganisha sentensi. Chukua mfano kutoka katika muhtasari wa kikao: "Barua iliandikwa na katibu na mwenyekiti alitia saini." Msomaji anapofika kwenye "mwenyekiti" ameshaamini kwamba barua iliandikwa na watu wawili, halafu "alitia saini" inamlazimisha arudi nyuma na kuanza upya. Tiba ni kuigeuza "na" ya pili: "Barua iliandikwa na katibu, naye mwenyekiti akatia saini." Koma na "naye" zimeweka ukuta kati ya kazi mbili. Na kama kweli waliandika wote wawili, sema "iliandikwa na katibu na mwenyekiti kwa pamoja".

Hatua ya tatu: mtazame mwenzake, yaani kitenzi

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. "Na" ya kiunganishi ikiwa mbele ya kitenzi, vitu vyote ilivyoviunganisha huwa kiima cha kitenzi hicho, na kitenzi hakina budi kuvikubali vyote. "Baba amefika", lakini "baba na mama wamefika". Ikiwa mmoja anatajwa baada ya kitenzi, hahesabiwi: "baba amefika na mama" ni sahihi, kwa kuwa kitenzi kinamfuata baba tu, naye mama ni mwandamani.

Kwa watu na wanyama kanuni ni nyepesi, "wa" huwatosha wote: mvuvi na mbwa wake wamerudi. Nafsi zina utaratibu wake, nao hukosewa sana katika hati za familia. Nafsi ya kwanza huwavuta wote upande wake, kwa hiyo ni "mimi na mke wangu tumekubali", si "wamekubali". Nafsi ya pili huishinda ya tatu, kwa hiyo ni "wewe na mdhamini wako mnatakiwa kufika". Ukiandika "wewe na mdhamini wako wanatakiwa kufika", msomaji makini anaweza kudai kwamba yeye hakuitwa.

Kwa vitu vya ngeli moja, tumia kiambishi cha wingi wa ngeli hiyo: kikapu na kisu vimepotea, mtumbwi na mkeka imeuzwa, jembe na kasia yamevunjika. Kwa vitu vya ngeli mbalimbali, watu wengi hukifuata kitu kilicho karibu na kitenzi, wakasema "mtumbwi na nyavu zimeuzwa". Katika mazungumzo hilo halina madhara. Katika hati silikubali kamwe, kwa sababu linarudisha ugomvi uleule: anayetaka ataweka kidole juu ya "zimeuzwa" na kudai kwamba nyavu tu ndizo zilizouzwa. Tumia "vi", ambayo huchukua mchanganyiko wa vitu bila kubagua: "Mtumbwi, mashine na nyavu vimeuzwa." Ukiona sikio lako bado linasita, ongeza "vyote" kabla ya kitenzi. Mtu na kitu visiunganishwe kabisa mbele ya kitenzi. Badala ya kuhangaika na "mzee na mzigo wake", andika "mzee amefika na mzigo wake". Kwa majina ya dhahania, kama vile uaminifu na bidii, waandishi wengi hukimbilia "ni", wakasema "uaminifu na bidii ni muhimu", nami siwalaumu, kwani "ni" haina ngeli ya kuisumbua.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kutoka hapa. Mtu anaweza kudhani kwamba angeepuka tatizo langu kwa kuandika "mtumbwi umeuzwa na mashine". Asithubutu. Kitenzi hicho ni cha kutendwa, na msomaji ataona mashine ikiuza mtumbwi. Panapokuwa na kauli ya kutendwa, kitu kinachoandamana lazima kitanguliwe na "pamoja": "mtumbwi umeuzwa pamoja na mashine yake". Umbo hili ni sahihi, na hapa "umeuzwa" ya umoja ina haki yake, kwa kuwa "pamoja na mashine" imekuja baada ya kitenzi.

Hatua ya nne: hesabu watu

Kiswahili kina desturi nzuri ambayo ndani ya maelezo rasmi huwa hatari. Mtu mmoja akikuambia "jana tulikwenda na Juma", mara nyingi anamaanisha watu wawili tu, yeye na Juma. "Tu" ya mwanzo imeshamchukua Juma ndani yake. Lakini maneno hayohayo yanaweza kumaanisha kundi la watu kadhaa lililoongozana na Juma, yaani watatu, wanne au zaidi. Nyumbani hakuna anayejali. Lakini mtu akiandika "usiku huo tulikuwa na Juma ziwani", na mtumbwi haukurudi kwa wakati, wale wanaotoka kutafuta wanahitaji kujua kama watazame watu wawili au watano. Tena "tulikuwa na" inaweza kusomwa kama umiliki, ingawa jina la mtu huipunguza shaka hiyo.

Kwa hiyo kila ukiona "tu" au "m" ya wingi katika kitenzi, ikifuatwa na "na" na jina la mtu, simama na utaje idadi: "Tulikwenda wawili, mimi na Juma." Au: "Tulikwenda watatu: mimi, Juma na Hamisi." Mtu aliyekuja kuandikiwa maelezo huenda akakuona unamsumbua kwa kumuuliza mlikuwa wangapi. Muulize hata hivyo, kwa upole, na umsomee jibu lake.

Hatua ya tano: tazama sifa inayokuja nyuma

"Taa na nyavu mpya" ni maneno manne yenye bei mbili tofauti. Je, taa nazo ni mpya? Taa na wavu ni maneno ambayo wingi wake hukubaliana kwa namna moja, na sifa "mpya" haibadiliki, kwa hiyo hakuna alama yoyote inayotueleza. Anayenunua karabai nne kwa ajili ya kuvulia dagaa atataka kujua. Rudia sifa: "taa mpya na nyavu mpya". Kama moja tu ni mpya, itangulize ile yenye sifa na uiseme nyingine ilivyo: "nyavu mpya na taa zilizokwisha kutumika". Wakati mwingine ngeli hutusaidia. Katika "mitumbwi na makasia mapya", "ma" inatuambia kwamba upya ni wa makasia, ijapokuwa mtu anaweza kubisha.

Maneno ya umilikaji yana ugonjwa huohuo. "Mama wa Juma na Hamisi" anaweza kuwa mama mmoja wa watoto wawili, au mama wa Juma akiwa na mtu mwingine aitwaye Hamisi. Andika "Hamisi na mama wa Juma" kama ni watu wawili. Kugeuza mpangilio hakugharimu kitu.

Hatua ya sita: "na" ya hesabu

Ukiandika "elfu ishirini na tano", umeandika kiasi gani? Wengi watasema 25,000. Lakini maneno yenyewe yanaruhusu pia 20,005, kwa kuwa "elfu ishirini" imekamilika na "na tano" imeongezwa juu yake. Ndiyo maana wapo wanaosema "ishirini na tano elfu" ili kufunga mlango huo. Soko nalo lina ufupisho wake: "laki mbili na hamsini" kwa 250,000, na "milioni moja na mia mbili" kwa 1,200,000, ingawa kwa kufuata maneno ni 200,050 na 1,000,200. Kwa mdomo, mbele ya mzigo unaoonekana, hakuna anayepotea. Katika hati andika tarakimu kwanza, kisha maneno kamili: shilingi 250,000, yaani laki mbili na elfu hamsini. "Laki mbili na nusu" ni sahihi na inaeleweka, lakini mimi siiandiki katika hati.

Hesabu ina mtego wa pili, na huu niliugundua nikiwa nakagua daftari la malipo ya wabeba mizigo. "Nilimlipa Juma elfu kumi na Hamisi elfu tano." Jicho linapofika "elfu kumi na" linatarajia tarakimu nyingine, linakutana na jina la mtu, linajikwaa. "Na" hapa inabeba kitenzi kilichoachwa, yaani "nilimlipa", kama inavyofanya vizuri kabisa katika sentensi "Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914", ambapo kila msomaji anajua kwamba Kigoma nayo ilifikiwa na reli. Kuacha kitenzi ni ufasaha, lakini usikiache mara tu baada ya namba. Andika "Juma nilimlipa elfu kumi, naye Hamisi nikamlipa elfu tano."

Machache ya kupitia kwa haraka

Katika sentensi ya kukanusha, geuza "na" iwe "wala". "Sina mashine na nyavu" inaweza kueleweka kwamba huna vyote viwili kwa wakati mmoja, ila unacho kimoja; "sina mashine wala nyavu" haina njia mbili.

"Pamoja na" ina maana ya kuandamana, lakini ina maana pia ya ingawa: "pamoja na mvua kubwa, waliingia ziwani". "Mbali na" inaweza kuwa umbali, au kuwa "licha ya", au kuwa "isipokuwa". Sentensi kama "mbali na mashine, mnunuzi atalipia vyote" inaweza kumaanisha kwamba mashine hailipiwi, na inaweza kumaanisha kwamba mashine inalipiwa na vingine vinaongezwa. Katika hati iache kabisa. Sema "isipokuwa" au sema "zaidi ya mashine, atalipia pia".

Orodha haihitaji "na" kila baada ya kitu. Tumia koma, kisha "na" moja kabla ya kitu cha mwisho, ili msomaji akiiona ajue orodha imefika ukingoni. Kuhusu "na/au" inayopendwa katika fomu, naona ni bora kuandika "kimoja au vyote viwili".

Ile "na" ya kuruhusu au kuomba, kama "na aje mbele" au "na iwe hivyo", husimama peke yake mwanzoni na kufuatwa na kitenzi kinachoishia na "e" kikiwa na asili ya Kibantu. Katika hotuba inapendeza. Katika mkataba tumia "lazima" au "anatakiwa", kwa kuwa ruhusa na amri havifanani.

Hatua ya mwisho: andika upya na usome kwa sauti

Hii ndiyo hati ile ya mtumbwi, kama ninavyoiandika siku hizi:

"Mtumbwi mmoja, mashine moja na nyavu mbili, vyote kwa pamoja, vimeuzwa leo na muuzaji aliyetajwa hapo juu kwa bei ya shilingi 4,000,000, yaani milioni nne kamili. Mnunuzi amelipa fedha hizo zote mbele ya mashahidi wawili, naye ameondoka navyo leo hiihii. Makasia hayakuuzwa wala kukodishwa."

Zimebaki "na" mbili tu zinazosimama peke yake, ya kwanza ya kufunga orodha na ya pili ya mtenda, na ukizibadilishia kazi, sentensi inavunjika papo hapo. "Vimeuzwa" inabeba vitu vyote vitatu, "navyo" inavirudia, na "wala" inafunga habari ya makasia.

Nikishachapa, huisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, nikitua kwenye kila koma, wao wakisikiliza bila kuitazama karatasi. Kisha humwita mmoja kando na kumuuliza ni nini kimeuzwa, kimeuzwa na nani, na kwa kiasi gani. Halafu humwita wa pili na kumuuliza vilevile. Majibu yao yakilingana, ndipo ninapowapa kalamu.